Wakili, wewe ni wetu au ni wao?

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye korido ya mahakama ambayo sitaitaja. Kesi yetu iliitwa na kuahirishwa ndani ya dakika mbili. Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa. Tunaomba tarehe nyingine. Kijana wa miaka 22 akarudishwa mahabusu, hata hajapata nafasi ya kugeuka amtazame mama yake vizuri.

Nje nikakutana na mwendesha mashtaka, mtu tuliyesoma naye. Tukaanza kubishana habari za mechi ya Jumamosi. Mimi Yanga, yeye Simba. Tukacheka sana, akanipiga begani, akaingia zake kwenye chumba kingine kuomba tarehe nyingine.

Mama wa yule kijana alikuwa kwenye benchi, pochi mapajani, anatutazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, wewe ni wetu au ni wao?"

Nikamjibu kwa maneno ya darasani. Wakili ni ofisa wa mahakama, mama. Yule naye anafanya kazi yake, hatuna ugomvi, tena kuelewana naye kunamsaidia mwanao. Akaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia daktari anayetaja dawa asizozijua. Akaenda kupanda daladala.

Swali lake limekaa nami wiki tano sasa.

Kaburu

Mtaani kwetu, mtoto aliyewanyima wenzake mpira aliitwa kaburu. Mwenye nyumba aliyefunga bomba la maji aliitwa kaburu. Wengi wetu tulilijua neno hilo kama tusi kabla hatujajua kuna watu wanaoitwa hivyo, Wazungu wa Afrika Kusini wenye lugha yao, na makaburi yao, na mashairi yao.

Usiku wa ile Jumanne nilimkumbuka Kaburu mmoja, wakili kama mimi.

Bram Fischer alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1908. Babu yake alikuwa Waziri Mkuu wa koloni la Orange River. Baba yake alikuwa jaji, akapanda hadi kuongoza mahakama ya jimbo. Yeye mwenyewe alipelekwa Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Mke aliyemwoa mwaka 1937, Molly Krige, alikuwa wa ukoo mmoja na mke wa Jan Smuts, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Kijana wa namna hiyo hahitaji hata kugonga mlango. Ukimya wake peke yake ungemfikisha kwenye ujaji, na wako waliomwona akifika mbali zaidi ya hapo.

Hakuzaliwa mpinzani. Alisema mwenyewe kwamba uzalendo wa Kikaburu alikuwa nao tangu ana miaka sita.

Habari za Rivonia zenyewe, ile kesi ya Mandela na wenzake aliyoitetea Fischer, sitazirudia. Waliokua wakisikiliza redio enzi za nchi za Mstari wa Mbele wanazijua kuliko mimi, na waliozaliwa baadaye wamezisoma shuleni. Ninachotafuta ni kitu kidogo zaidi. Mtu aliyezaliwa upande wa wao alifikaje mahali ambapo hakuna aliyehitaji kumuuliza swali la yule mama?

Mkono

Yeye mwenyewe aliwahi kueleza lilipoanzia.

Utotoni alikulia shambani, nje ya Bloemfontein. Alikuwa na marafiki wawili wa Kiafrika wa rika lake. Walizurura pamoja, wakawinda pamoja, wakafinyanga ng'ombe wa udongo, wakaogelea. Rangi haikuwa na habari. Kisha akahamia mjini, akasoma, akakua.

Siku moja, akiwa kijana, akahudhuria mkutano wa kamati iliyowakutanisha Wazungu na Waafrika waliotaka kurekebisha hali ya maisha ya Waafrika pale mjini. Alikwenda kwa nia njema. Akatambulishwa kwa Waafrika waliokuwapo, na ikambidi awape mkono.

Mkono ukawa mzito.

Aliutoa, lakini kwa kujilazimisha. Usiku ule akakaa saa nyingi akijihoji: wale watoto wa shambani, mbona sikuwahi kuhisi hivi kwao? Ni nini kimebadilika? Akaona kwamba mtu mweusi hakubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye, na chuki aliyoikuta ndani yake hakuweza kuipatia sababu yoyote inayoingia akilini.

Kinachonigusa zaidi ni mahali alipoisimulia habari hiyo. Aliisimulia kizimbani, Machi 1966, akijua kifungo cha maisha kinamsubiri. Mtu katika hali ile angesimulia kesi alizoshinda au vitisho alivyovivumilia. Yeye akasimulia aibu ya mkono wake.

Sisi kwetu mkono ni jambo kubwa. Mtu akikupa mkono wa haraka huku anatazama pembeni, unakwenda nao nyumbani, unaulalia. Ndiyo maana nadhani tunaielewa habari hii kuliko wanaoihesabu kuwa hadithi ndogo ya utotoni. Na nikiwa mkweli, nimewahi kuutoa mkono wa namna hiyo. Kwa mlinzi. Kwa baba wa dada wa kazi aliyekuja kumwona binti yake, mzee wa watu, akasimama mlangoni kofia mkononi. Sikukusudia. Naye Fischer hakukusudia.

Kiti cha mbele

Sasa nifike mahali panapoutesa uwakili wangu.

Julai 1963 polisi walivamia shamba la Liliesleaf, Rivonia, wakawakamata viongozi waliokuwa wamejificha pale na marundo ya karatasi. Kesi ilipofunguliwa, Joel Joffe, aliyekuwa akikusanya jopo la utetezi, akamwendea Fischer aliongoze. Fischer akasita. Wenzake hawakuelewa kwa nini mtu aliyesimama kwa miaka kwenye kesi ndefu ya uhaini, ile ya watu 156 iliyokwisha mwaka 1961 bila kufungwa hata mmoja, asite leo.

Alisita kwa sababu Liliesleaf alikuwa akiingia na kutoka. Alikuwa mmoja wa viongozi wa chama cha Kikomunisti kilichopigwa marufuku. Kwa haki ya sheria zilizokuwapo, mahali pake palikuwa kizimbani pamoja na wateja wake.

Alikubali hatimaye. Akakaa kiti cha mbele, joho mabegani, akamwita jaji mheshimiwa. Siku wafanyakazi wa shamba walipoletwa kutoa ushahidi, Fischer hakuonekana mahakamani. Mmoja wao angeweza kuinua kidole na kusema, na yule pale pia nilimwona. Katika karatasi zilizokamatwa mlikuwa na mwandiko wake.

Ningekuwa nasahihisha mtihani wa maadili ya uwakili, mtu huyu ningemfelisha asubuhi na mapema. Mgongano wa maslahi uko wazi kama jua la Dodoma. Kila kipengele tulichokariri kinamwelekea yeye.

Lakini mwanzoni tu mwa kesi alisimama akaishambulia hati ya mashtaka mpaka jaji akaitupa, upande wa mashtaka ukalazimika kuiandika upya. Na mwisho, tarehe 12 Juni 1964, watu wanane waliokuwa wakisubiri kamba walipewa kifungo cha maisha. Kazi hiyo ilikuwa ya jopo zima: Bizos, Chaskalson, Berrangé, Joffe. Ila aliyekuwa mbele yao ni mtu aliyejua kwamba akijikwaa ulimi kidogo, kamba ile inaweza kumtosha na yeye.

Niwe mkweli kuhusu jingine pia. Aliiamini Moscow kwa namna ambayo mimi siwezi kuitetea, na aliiamini hata wakati ambapo wengi walikwisha kuona yaliyokuwa yakifanyika kule. Sitaki kumfanya malaika. Malaika wangekuwa hawana msaada wowote kwa swali la mama yule.

Mtoni

Siku moja baada ya hukumu, Bram na Molly walianza safari ya gari kwenda Cape Town. Binti yao Ilse alikuwa anatimiza miaka 21. Jioni, njiani, ng'ombe akakatiza barabara. Gari likakwepa, likaacha njia pale darajani, likatumbukia mtoni. Bram alitoka. Molly alizama.

Hazikupita siku nyingi akavuka bahari kwenda Robben Island. Ilibidi wafungwa waulizwe kama bado wanashikilia msimamo wao wa kutokata rufaa. Katikati ya mazungumzo Mandela akamuuliza, Molly hajambo?

Fischer akageuka, akampa kisogo, akasogea mbali. Baadaye akarudi, wakaendelea na habari ya rufaa.

Mandela alipata kujua baada ya Fischer kuondoka, na aliyemwambia ni ofisa wa magereza. Akaandika barua ya rambirambi. Wenye gereza hawakuituma.

Nimeirudia sehemu hii mara nyingi. Kwetu msiba husemwa. Mtu huingia na kusema "nimefiwa", na watu wakamshika. Fischer alikaa mbele ya rafiki yake akiwa na jeneza kifuani, akaona siku ile ni ya mteja. Sijui kama ningemwita shujaa kwa hilo au ningemwonea huruma. Wiki ya pili nilimwita shujaa. Sasa hivi namwonea huruma.

Kuruka dhamana

Septemba 1964 wakamkamata naye, wakamshtaki pamoja na wenzake zaidi ya kumi kwa kuwa wanachama wa chama kilichopigwa marufuku. Lakini alikuwa na kesi London, kesi kavu ya hataza za dawa, mbele ya majaji wa Baraza la Malkia. Akaomba dhamana. Akaieleza mahakama kwamba yeye ni Mwafrikana (ndivyo Makaburu wanavyojiita), kwao ni Afrika Kusini, na hataihama nchi yake kwa sababu ya kutokubaliana na serikali. Wakampa, kwa Randi 10,000.

Kila aliyewahi kumsimamia mshtakiwa dhamana anajua nilivyotabasamu hapo. Mwenye pasipoti, mwenye marafiki Ulaya, mwenye kesi ya kumfunga miaka. Nani anarudi?

London marafiki walimsihi abaki. Akashinda kesi yake ya hataza.

Akarudi.

Hadi hapa ni hadithi ya kusimulia kwenye sherehe ya kuapishwa mawakili. Mtu wa kauli yake. Shida inakuja Januari 1965, kesi ikiwa katikati. Jumatatu moja mahakama ikakaa, mshtakiwa wa kwanza hayupo. Badala yake wakili wake, Harold Hanson, akasimama kusoma barua. Fischer aliandika kwamba hakimbii nchi, na hakwepi adhabu kwa woga. Anajitoa mbele ya mahakama zile kwa sababu hawezi tena kuitumikia haki kwa njia aliyoitumia kwa miaka 30.

Kwa lugha ya korido zetu: aliruka dhamana.

Mtu yule yule aliyesafiri kilomita maelfu ili asivunje ahadi, akaivunja akiwa Johannesburg, na wenzake akawaacha kizimbani. Nilipolisoma jambo hili miaka iliyopita nililipita haraka. Safari hii sikuweza kulipita. Nimejaribu kulitetea kwa namna zote ninazozijua, na bado kuna kona inayonichoma. Aliyemwekea dhamana alimwamini. Hakimu alimwamini. Na kila mshtakiwa wa siasa aliyeomba dhamana baada ya pale, upande wa mashtaka ulikuwa na jina la kutaja.

Halafu nafikiria ahadi yenyewe ilikuwa kwa nani. Bunge lililotunga zile sheria halikuwa na mbunge hata mmoja mweusi. Watu walikuwa wanafungwa siku 90 bila kufikishwa mahakamani, wakitoka wanafungwa nyingine. Joho, "mheshimiwa", kuinama kidogo unapoingia: nadhani Fischer aliona kwamba kila anapoinama anaipa heshima ile nyumba, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuzwa nje kama ushahidi kwamba Afrika Kusini ina mahakama huru.

Sina hakika. Naandika "nadhani" kwa makusudi.

Wenzake

Ndani ya siku chache tangu atoweke, Baraza la Mawakili wa Johannesburg lilikwenda mahakamani kuomba jina lake lifutwe kwenye orodha. Lilikuwa baraza alilolitumikia mwenyewe kwa miaka. Hawakusubiri akamatwe, wala ahukumiwe.

Wanasheria wenzangu watakumbuka kesi ya Mandela ya mwaka 1954. Naye walitaka kumfuta baada ya kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi, na Jaji Ramsbottom akakataa: mtu kuwa na watu wake katika madai yao ya siasa, hata akivunja sheria, hakumfanyi kuwa mtu asiye na heshima. Chaskalson na Sydney Kentridge waliomtetea Fischer walikuwa na hoja ya kuegemea. Tofauti ni kwamba Mandela alivunja sheria, Fischer alivunja kauli aliyompa hakimu. Novemba 1965 wakamfuta.

Jambo hili lilimuuma. Alikuwa mafichoni humo humo Johannesburg, kapunguza nywele, kafuga ndevu na kuzipaka rangi, anatembea mwendo wa mtu mwingine kwa jina la Douglas Black. (Jina la ukoo nadhani alilichagua akicheka.) Mtu anayewindwa na polisi wa nchi nzima, na kinachomkosesha usingizi ni mawakili. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha. Nami ningeumia hivyo hivyo. Sisi tuko hivyo.

Siku chache baada ya kufutwa, akakamatwa.

Mei 1966 alipewa kifungo cha maisha, akapelekwa Pretoria kwenye gereza la Wazungu. Ubaguzi ulifuata watu hadi seli. Denis Goldberg wa Rivonia naye alikuwa huko, wenzake wako kisiwani. Hapa nina la pembeni. Mwaka 1969 ANC walikutana Morogoro, na katika mkutano huo ndipo wasio Waafrika walipofunguliwa mlango wa uanachama. Nimepita Morogoro mara nyingi, nikanunua mboga na kuendelea na safari. Kumbe mlango ulifunguliwa pale, na mtu aliyestahili kuwa wa kwanza kuingia alikuwa anasugua sakafu Pretoria.

Majivu

Mwanawe Paul alikufa mwaka 1971, kijana wa miaka 23. Baba hakuruhusiwa kwenda kuzika.

Mwaka 1974 saratani ikamwingia. Alianguka, mfupa wa paja ukavunjika juu karibu na nyonga, na siku zikapita kabla haujapigwa picha na kuonekana. Goldberg ndiye aliyemwogesha na kumnyanyua. Mwaka uliofuata, kelele zilipozidi, serikali ikakubali apelekwe nyumbani kwa kaka yake Bloemfontein, ila nyumba ile ikatangazwa rasmi kuwa gereza. Alifia humo tarehe 8 Mei 1975.

Baada ya kuchomwa mwili, Idara ya Magereza ikataka majivu yake irudishiwe. Mfungwa hajamaliza kifungo.

Mwaka 2003 jina lake lilirudishwa kwenye orodha ya mawakili, wa kwanza nchini humo kurudishwa akiwa marehemu; ilibidi Bunge litunge sheria ya kuwezesha. Uwanja wa ndege wa Bloemfontein una jina lake. Randburg kuna barabara iliyokuwa ya Hendrik Verwoerd, Waziri Mkuu wa enzi za ubaguzi, sasa ni ya Bram Fischer. Wenye magari wanaipita kwenda kazini.

Tarehe nyingine

Waliomjua wanakubaliana kwamba Fischer alikuwa na adabu kwa kila mtu. Kwa waendesha mashtaka, kwa askari kanzu waliokuja kupekua nyumba yake, kwa askari magereza. Nilipofika hapo nilijaribu kujifariji: basi kucheka na yule jamaa hakukuwa kosa. Faraja haikudumu. Fischer akiwa na adabu kwao, wateja wake walijua ana kipi cha kupoteza. Mama yule anajua nini kuhusu mimi? Aliniona nacheka siku ambayo mwanawe amerudishwa mahabusu, na kabla ya hapo aliniona nikipokea pesa.

Wala hakunitaka niende jela. Swali lake lilikuwa dogo kuliko hilo, na ndiyo maana najibu kwa shida.

Jumanne iliyopita tulirudi. Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa. Safari hii nilisimama nikapinga, nikasema kwa sauti ambayo hata karani aliinua macho. Hakimu akaandika. Tarehe nyingine, ya mwisho, alisema, ingawa neno hilo nalo tumelizoea.

Nje mama alikuwa kwenye benchi lile lile. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza kilichosemwa ndani. Kutoka mwisho wa korido sauti ikaita, "Wakili! Jana mmeonaje?"

Mama akaondoa pochi yake kwenye benchi, akaiweka mapajani. Nikakaa.

"Nenda," akasema. "Anakuita."